Ziwa Linafanyiwa Kazi

Mama yangu yuko Muheza, na kazi niliyokuwa nikifanya Marekani nilimweleza kwa simu mara tatu kabla hajaielewa.

"Mama, huku kuna watu wana magari makubwa kama basi la Tanga. Ndani mna kitanda, jiko, friji, choo na bafu. Wanayaita RV. Wakisafiri, wanakuja kuegesha kwenye kambi yetu, wanachomeka umeme, wanaunga maji, wanalala."

"Wanalala wapi?"

"Humo humo garini."

"Sasa nyinyi wanawalipa nini?"

"Kiwanja cha kuegesha. Dola 70 kwa usiku."

Kimya. Nikasikia mafuta ya maandazi yakichachatika. "Yaani mtu ana nyumba kwao, kanunua na nyumba ya matairi, halafu anakulipa wewe ili alale ndani ya nyumba yake mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, kazi hiyo usiiachie."

Basi sikuiachia. Ilikuwa kiangazi cha 2022, katika mji mdogo wa Page, kaskazini kabisa mwa Arizona, pale lilipo bwawa la Glen Canyon kwenye mto Colorado. Nyuma ya bwawa ndiko liliko Ziwa Powell, ambalo ndilo linaloleta watu. Mimi nilikaa mapokezi. Mwenye kambi alikuwa bibi wa miaka 70 na ushee, kofia ya majani haimtoki kichwani hata akiwa ndani. Siku ya kwanza alinikabidhi funguo, redio ya mkononi, na kazi ambayo yeye ilikuwa imemshinda kwa sababu ya presha: kuyajibu maoni ya wateja mtandaoni.

"Kila mmoja ajibiwe," aliniambia. "Anza kwa kushukuru. Usibishane."

Nikajua nimepewa kazi ya kukaa kivulini na simu. Kumbe.

Mtu wa kwanza kumsoma alitupa nyota mbili kwa sababu jua lilichomoza mapema mno. Wa pili alilalamika mchanga ni mwekundu. Hakusema mwingi wala mchafu. Mwekundu tu. Kuna mama alitunyima nyota kwa kuwa jirani yake aliegesha RV kubwa kuliko yake, akajihisi mnyonge likizo nzima. Mwingine alisema usiku kuna giza, na kambi ingefikiria kufanya jambo. Na karibu kila wiki kulikuwa na kesi ya kunguru. Kunguru wa Page si hawa wetu wa Tanga wenye shingo ya kijivu. Ni weusi tii, wakubwa kama jogoo, na wanajua kufungua zipu. Nimemwona mmoja kwa macho yangu akifungua begi la mtu, anavuta kidogo, anaangalia kulia na kushoto, anavuta tena.

Halafu kulikuwa na yule bwana wa umeme. Viwanja vyetu vilikuwa vya aina mbili: vya ampea 50 kwa magari makubwa, na vya ampea 30, bei nafuu. Yeye alikuja na gari la 50 akalipia kiwanja cha 30, akaunganisha kwa adapta aliyotoka nayo nyumbani. Sasa ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600, basi. Kiyoyozi kimoja cha darini kinakula kama 1,500. Yeye aliwasha viwili, akaweka bisi kwenye maikrowevu, na mkewe akaanza kukausha nywele. Swichi ikadondoka, tak! Nikaenda, nikafungua kile kikasha cha kwenye nguzo, nikaipandisha. Kabla sijafika mapokezi, tak! Mara nne. Mimi nimekulia mahali ambapo umeme ukikatika mtaa mzima unasema "Aaaaa!" kwa sauti moja, na ukirudi tunashangilia kama timu yetu ya Coastal imefunga goli. Sijawahi kumwona mtu akiandika barua. Huyu aliandika usiku uleule, kwa simu aliyoichajia kwenye nguzo yangu: "Nyota moja. Kambi haina umeme."

Nikajibu: "Asante kwa maoni yako."

Lakini aliyeniponza alikuwa mtu wa ziwa. Tovuti yetu ilikuwa na picha ya zamani, maji ya bluu yamejaa hadi juu ya majabali. Ziwa lile lilianza kujazwa 1963 na lilichukua miaka 17 kujaa. Mwaka ule wa 2022, baada ya ukame wa muda mrefu, lilikuwa limebaki na kama robo tu ya ujazo wake. Kwenye majabali palikuwa na mstari mweupe kama ule unaobaki kwenye beseni maji ya sabuni yakishuka. Bwana huyo aliandika kwamba ametoka Illinois na watoto watatu, amelikuta ziwa limesogea, na anataka arudishiwe fedha.

Mimi kabla ya kusafiri niliwahi kukaa ofisi moja kule nyumbani, kitengo cha kupokea malalamiko, na ulimi wa ofisi haukutoki. Nikamwandikia kwa Kiingereza kizuri kabisa: "Asante kwa maoni yako. Tunaomba radhi kwa usumbufu. Suala la ziwa limepokelewa na linafanyiwa kazi."

Kila Mtanzania anajua maana ya "linafanyiwa kazi". Maana yake ni nenda nyumbani. Bwana wa Illinois hakujua. Kesho yake akaandika tena, safari hii kwa adabu: je, kazi hiyo itakamilika lini, maana wanafikiria kurudi mwakani mwezi wa 6?

Bibi alinisomea jambo lile akiwa amesimama, kofia kichwani. "Umemwahidi ziwa?"

"Hapana, bibi. Nimemwambia tu linashughulikiwa."

"Na nani?"

Tangu siku hiyo nikakatazwa neno "kufanyiwa kazi" katika majibu yote.

Sasa nije kwenye dhambi yangu mwenyewe, maana hadi hapa mnaweza kudhani wateja ndio wenye matatizo.

Kule Page saa ni mtihani. Arizona hawasogezi saa kiangazi. Utah, ambayo iko hapo jirani, wanasogeza mbele saa moja. Nchi ya Wanavajo, wenyeji asilia wa huko, iliyotuzunguka, nayo iko Arizona lakini inasogeza. Katikati ya Wanavajo wamo Wahopi, wenyeji asilia wengine, ambao hawasogezi. Na simu ya mkononi haina msimamo. Unakwenda chooni ni saa 4, unatoka ni saa 5, kwa sababu imenasa mnara wa Utah. Juu ya hayo yote niko mimi, mtoto wa Muheza, ambaye saa ya kichwani mwangu inaanza kuhesabu jua likichomoza.

Usiku mmoja mwezi wa 7, saa 4, wakati kambi inatakiwa iwe kimya, mzee wa kiwanja namba 31 alikuja dirishani. Mstaafu kutoka Ohio, mpole, anavaa soksi ndefu na ndala. Alikuwa na kayaki yake mwenyewe, ule mtumbwi mwembamba wa makasia, na kesho yake alitaka gari letu limpeleke Lees Ferry, mwendo wa kama saa nzima, akapande boti inayowapandisha watu juu ya mto halafu wanateremka wenyewe kwa makasia. "Six in the morning," alisema. Mimi nilikuwa na mama kwenye simu. Kwao saa 2 asubuhi, yuko na habari za harusi ya binamu yangu na nani kachangia kiasi gani. Nikamwitikia mzee kwa kichwa, nikamwitikia mama kwa mdomo, na mkono ukaandika kwenye daftari la dereva kile nilichokielewa moyoni, yaani saa 12 asubuhi: "Kiwanja 31. Lees Ferry. 12."

Nikalala usingizi mzuri.

Saa 1 asubuhi nafika kazini, namkuta mzee getini amekaa juu ya kayaki yake kama mtu anayesubiri mto uje. Amevaa koti la kuelea, amelifunga vifungo vyote. Simu yake ilikuwa imenasa Utah, kwa hiyo alisimama pale tangu saa 11 alfajiri akidhani ni 12.

"Gari linakuja?" aliniuliza, bila hasira.

"Linakuja, mzee," nikasema, nikafungua daftari. "Limeandikwa twelve."

Namba ile niliisikia ikitoka mdomoni mwangu kwa Kiingereza, na tumbo likanishuka. Mzee alitazama jua. Akanitazama mimi. Akalilegeza koti kifungo kimoja.

Dereva alikuwa anakaa mbali na simu hapokei. Nilikuwa na Corolla yangu ya mwaka 2004, isiyo na keria. Nikaenda kwenye begi nikatoa doti yangu ya kanga. Kanga moja niliisokota kata, kama tunavyobebea ndoo kichwani, nikaiweka juu ya paa, na kayaki ikakaa juu ya kata. Tukapitisha kamba ya kuanikia nguo madirishani mara sita, mpaka milango ikakataa kufunguka tukaingilia dirishani, mimi na mstaafu wa Ohio na soksi zake. Ile kanga ya pili niliifunga kwenye mkia wa kayaki, iwe kama bendera ya kuwatahadharisha walioko nyuma. Mapokezi nikaacha kibao: "Narudi baada ya dakika 5."

Barabarani upepo uliipiga ile kanga ikatanda kabisa nyuma ya kioo, maandishi yakielekea kwetu. Mzee aliyatazama kwenye kioo cha pembeni kwa maili nyingi. Mwisho akauliza yanasemaje.

Ilikuwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Nikamtafsiria. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hiyo ni kweli. Mimi na mke wangu hatuendi popote kabla yeye hajasoma maoni mia mbili."

Tulipofika daraja la Navajo, pale Marble Canyon, akapiga kelele nisimame. Nilijua kayaki imeanguka. Kumbe juu ya chuma cha daraja ametua kondo wa California, yule tai mkubwa wa mizoga. Yuko karibu nasi kiasi cha kusoma namba yake iliyobandikwa kwenye bawa. Upara wa rangi ya waridi, manyoya ya shingoni yamesimama kama kola ya koti la mzee anayekwenda kudai mahari. Alipofungua mabawa, karibu mita 3 kutoka ncha hadi ncha, gari lote likaingia kivuli. Mzee alinieleza, sauti imemkwama, kwamba mwaka 1982 walibaki 22 tu duniani, na hawa wa Arizona walianza kuachiliwa hapo jirani 1996. Amewatafuta miaka na miaka hajawahi kuwaona. Alitoa leso akafuta macho. Nami, kwa kuwa nilikuwa na hatia, nikalia kidogo kumsindikiza.

Boti yake ilikuwa imeshaondoka. Akapewa nafasi kwenye ya saa 3. Nilipogeuza gari, alikuwa amekaa tena juu ya kayaki, akanipungia kasia.

Kambini nilimkuta bibi mmoja wa kiwanja 8 mbele ya kibao changu, na saa mbili baadaye maoni yake yalikuwa hewani: "Dakika zao 5 si kama zetu." Nikashukuru kwa maoni. Saa 6 mchana kamili, dereva akaingia na gari limeoshwa linang'aa, akaanza kupiga honi mbele ya namba 31.

Mzee alirudi jioni kwa lifti, amebabuka pua, hakusema kitu. Akaondoka baada ya siku mbili. Mimi sikula vizuri. Safari hii mtu alikuwa na haki yake: nimemkosesha gari, nimemfungia chombo kwa kanga, nimemwingiza dirishani na miaka yake 68. Kila asubuhi nilifungua tovuti kwa jicho moja, kama mtu anayetazama matokeo ya kidato cha nne.

Siku ya tatu yakaja. Nyota mbili.

Bibi mwenye kambi akasogeza kiti. Tukasoma pamoja: "Kunguru walifungua zipu ya hema la stoo wakala mkate wa ndizi aliooka mke wangu, wote. Uongozi umeshindwa kabisa kuwadhibiti ndege. Ziwa halina tatizo."

Tulisubiri chini pangeendelea. Hapakuendelea. Bibi alinitazama kwa muda kutoka chini ya ile kofia, maana habari za Corolla alishazipata kwa dereva.

"Haya," akasema. "Mjibu."

Nikaandika: "Asante kwa maoni yako. Tunasikitika kwa mkate." Nikaishia hapo, nisije nikaahidi ndege.

Kesho yake nikafika kazini mapema, kabla ya bibi. Kanuni ya 7 ya kambi, iliyobandikwa getini kwa herufi kubwa na mimi mwenyewe, inakataza kulisha kunguru. Nikatoa silesi mbili za mkate kwenye mkoba, nikazimega, nikawatupia wote waliokuwa kwenye uzio.