Jina la Tião Neto lilistahili kuwa kwenye jalada

Machi 1963, katika studio moja ya New York, Mbrazili Sebastião Neto, maarufu kama Tião, alipiga besi nyuma ya mwimbaji na mpiga gitaa João Gilberto, mtunzi Tom Jobim na mpiga saksafoni Stan Getz. Santuri yao ya bossa nova, muziki wa Brazili uliotokana na samba, iliitwa Getz/Gilberto; ilitoka mwaka uliofuata na mwaka 1965 ikanyakua Grammy ya albamu bora. Jalada, hata hivyo, lilimtaja mpiga besi mwingine: Tommy Williams, Mmarekani wa kundi la Getz.

Wapo wanaoliona hili jambo dogo. Mpiga besi hauzi santuri, wanasema, na Tião hakukosa kazi: alipiga na mpiga piano Sergio Mendes, na tangu miaka ya 1980 alikuwa katika Banda Nova, kundi la Jobim, hadi Jobim alipofariki Desemba 1994. Hoja hiyo ina uzito. Wanamuziki wenzake walimjua, na hilo ndilo lililomlisha. Williams naye hana kosa, kwani si yeye aliyechapa jalada.

Lakini nikiisikiliza santuri yenyewe, siridhiki. Katika wimbo Garota de Ipanema, kidole gumba cha Gilberto tayari kinabeba nyuzi nene za gitaa, huku Milton Banana akizigusa drams kwa upole mno. Nafasi ya besi ni finyu. Tião anapiga noti chache, anaegemea mapigo yaleyale yanayoshikwa na surdo, lile goma kubwa la samba, kisha anaacha upenyo ili gitaa lisikike. Wapiga besi wa jazi wa Marekani walizoea noti moja kwa kila pigo, mapigo manne mfululizo. Ukipiga hivyo hapa, gitaa linafunikwa. Utulivu huo Tião alikuja nao kutoka Beco das Garrafas, kichochoro cha vilabu kule Copacabana ambako majirani walirusha chupa kutoka ghorofani kwa kuchoshwa na kelele, na kutoka Bossa Três, kundi lake na Luís Carlos Vinhas na Edison Machado.

Basi aliyetaka kujifunza besi ya bossa nova alisoma jalada akaelekezwa kwa mtu mwingine kabisa. Hapo ndipo hoja ya ujira inapopwaya kwangu. Mwimbaji Astrud Gilberto pia hakuwekwa jina mbele ya jalada, ingawa sauti yake ndiyo iliyouza Garota de Ipanema; ila sauti ya mwimbaji huwafanya watu waulize ni nani. Besi haiulizwi. Isipoandikwa, imepotea.

Tião alifariki mwaka 2001. Matoleo ya baadaye yameandika jina lake, ila bado zipo orodha zinazowataja wote wawili, na nakala za mwanzo ndizo zilizoingia majumbani mwa watu. Wanaoiuza albamu hii leo mtandaoni wanaweza kulinyoosha kwa mstari mmoja tu: besi, Sebastião Neto.