Anayeuguza Naye Apewe Zamu

Ukimuuguza mzazi aliyepigwa na kiharusi, hakuna asubuhi utakayoamka ukute umejipoteza. Unapungua kidogo kidogo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya kulalia kwenye nyonga na visigino. Usingizi wako unakatikakatika. Unaacha kwaya, unaacha kikoba, simu za marafiki unaziacha ziite hadi zikatike. Mwisho ukiulizwa utakula nini, unajibu "chochote."

Wataalamu wana dodoso la kupima mzigo huu, lililoanzishwa na Steven Zarit na wenzake Marekani mwaka 1980. Toleo linalotumika sana lina maswali 22, na moja huuliza kama unaona maisha yako yamekutoka mikononi tangu ndugu yako augue.

Kumwambia mtu wa namna hiyo "jipende, pumzika" ni maneno matupu. Mgonjwa atageuzwa na nani? Dawa yake ni zamu, na zamu hukwama kwa kuwa kila kitu kiko kichwani mwa mtu mmoja. Kiandike kwenye daftari: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, mara ya mwisho kalalia ubavu upi, alishwe akiwa ameketi wima, na abaki hivyo kama nusu saa baada ya kula, asije akapaliwa. Siku ya kwanza mwenzako atazame. Ya pili afanye yeye, wewe utazame. Ya tatu ondoka, tena utoke nje ya geti, maana ukikaa sebuleni utaitwa kila dakika.

Ndugu walio mbali hutuma pesa kwa simu wakaona yameisha. Shukuru, kisha omba saa: Jumamosi, saa 8 hadi saa 11 jioni. Asiyeweza kuja alipe wa kushika zamu hiyo. Na saa hizo usizimalize kwenye foleni ya duka la dawa, hiyo bado ni kazi ileile! Rudi penye watu watakaouliza usipoonekana. Kwaya inafaa kuliko matembezi ya peke yako. Mwanzoni moyo utakusuta. Piga simu nyumbani mara moja, basi.

Ila kama wiki mbili zimepita na hata ulichokipenda hakina ladha, au usingizi hauji hata mgonjwa akilala, huenda ni sonona. Nenda kituo cha afya. Likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mgonjwa, nenda siku hiyohiyo. Ukifika, anza na habari zako. Za mgonjwa zisubiri.