Shamba Likipona, Miombo Je?

Kilimo endelevu kikizungumzwa Tabora, hoja mbili hugongana. Ya kwanza inasema: ongeza mavuno kwa ekari, na mkulima hatakuwa na haja ya kufyeka miombo, yaani pori la asili. Ya pili inasema: acha miti ndani ya shamba, punguza jembe na dawa, viumbe waishi humo humo na mazao.

Kwa mahindi, hoja ya kwanza ina nguvu. Ghala likijaa, familia haina sababu ya kufungua pori jipya. Kwa tumbaku mambo hugeuka: ikilipa, mkulima huongeza ekari, na kila ekari inadai kuni. Tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa joto la moto, hukaa ndani ya bani, nyumba ya kukaushia, karibu wiki nzima. Jani hugeuzwa njano kwenye nyuzijoto 35 hadi 40 hivi, kisha joto hupandishwa polepole hadi karibu 70 ili mshipa wa kati ukauke. Moto ukilegea usiku jani huwa kahawia na daraja hushuka. Ndiyo maana hakuna anayethubutu kubania kuni.

Mikaratusi inasaidia, na naiunga mkono. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja hubeba miche kama 450, na mchwa wasipoila ikiwa michanga, baada ya miaka 5 hadi 7 inatoa kuni. Nyuki nao hupenda maua yake. Ila isihesabiwe kuwa msitu uliorudi. Uyoga mwingi tunaookota masika huota kwa kushirikiana na mizizi ya mitundu na miyombo, miti ya asili ya pori hili, na mti unaokatwa ungali mchanga hauna pango la ndege wala la nyuki wadogo.

Miombo yenyewe hurudi kwa gharama ndogo, kwa sababu mtundu uliokatwa huchipua tena, mradi mizizi ising'olewe. Kwenye kila kisiki bakiza machipukizi 3 hadi 5 yaliyonyooka, ondoa mengine, pogoa matawi ya chini, kisha rudi baada ya miezi michache. Adui mkubwa ni moto wa Agosti hadi Oktoba: nyasi zimekauka kabisa, mwali unapanda juu, machipukizi yanaungua, na maua ambayo nyuki wanayategemea yanakwenda nayo. Hata ufugaji nyuki una lawama zake, maana gome la kutengenezea mzinga huchunwa kuzunguka shina na mti ule hufa.

Mabadiliko ya tabianchi yanazidisha uzito wa yote haya. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili hivi, na mvua ikikatika katikati hakuna msimu wa pili wa kufidia. Mahindi yakinyauka, tanuru la mkaa ndilo linaloziba pengo la ada na chakula. Kwa hiyo mbinu inayookoa mavuno mwaka mbaya inaokoa pia miti, na hapo mashimo ya kupandia yana thamani kubwa: urefu sentimita 30, upana 15, kina 20, yakiachana sentimita 70 ndani ya mstari na 90 kati ya mistari. Yachimbwe kiangazi, yawekwe samadi, ili mvua ya kwanza ikusanyike kwenye mche badala ya kutiririka.

Tatizo ni kwamba shamba la mashimo, kwa kuwa halilimwi lote, huvamiwa na magugu, na wengi hukimbilia dawa ya kuulia magugu. Udongo unatulia, lakini kishonanguo na maua mengine ya pembezoni yanatoweka, na nyuki hukosa malisho miombo isipochanua. Palizi ya mkono inachosha, sibishi. Angalau kingo za shamba, upana wa mita mbili tatu, zisipigwe dawa.

Viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2017, wameongeza dawa nyingine. Anayelazimika kupuliza apulize jioni nyuki wakisharudi, alenge moyo wa mhindi ungali mdogo. Mbelewele zikishatoka, kiwavi aliyeingia kwenye gunzi dawa haimfikii. Inamfikia nyuki aliyekuja asubuhi kuchukua chavua.