Simu ipimwe ikiwa mkononi

iPhone 4 ilipotoka Juni 2010, wanunuzi waliona kituko: ukiishika chini upande wa kushoto, vimstari vya mtandao vinashuka. Antena yake ilikuwa ule mkanda wa chuma unaoizunguka, na kiganja kiliziba pengo lililotenganisha vipande vyake. Steve Jobs, bosi wa Apple waliotengeneza simu hiyo, alimjibu mteja mmoja kwamba asiishike namna ile. Jibu la kiburi, ingawa kifizikia hakukosea. Julai 16 Apple wakaita waandishi wa habari na kutangaza makava ya bure.

Watu wanadhani hayo yaliisha na simu ile. Wapi! Mwili wetu ni maji yenye chumvi, nayo hunyonya mawimbi ya redio. Tena kiganja kikiibana antena, inahama masafa iliyotengenezewa, kama redio iliyosogezwa kando kidogo ya stesheni. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, karibu mara mbili ya simu nzima, kwa hiyo vyuma vyote vya simu hushiriki kurusha mawimbi. Huwezi kuishika simu bila kuigusa antena. Ukiwa karibu na mnara hutajua. Ukiwa mbali, au ndani ya nyumba ya zege, simu inaongeza nguvu ya kurusha, chaji inakwisha, na mwisho maongezi yanakatika. Lawama zote kwa kampuni ya mtandao!

Kinachoniudhi ni kwamba vipimo vipo. Maabara hutumia vichwa na mikono ya bandia kupima simu inapoteza kiasi gani ikishikwa. Lakini kwenye boksi tunaandikiwa megapikseli za kamera na ukubwa wa betri tu. Namba ya antena ikiwa mkononi ingenisaidia zaidi ya kamera ya nne, ambayo hata sijui ni ya nini.

Kwa sasa jipimie mwenyewe. Simu nyingi za Android huonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli kwenye mipangilio, sehemu ya hali ya laini. Ishike kwa ncha za vidole, soma. Kisha ibane kwa viganja viwili ikiwa imelala, kama vijana wanavyocheza gemu, usubiri kidogo, usome tena. Rudia mara kadhaa, maana namba hiyo hupandapanda yenyewe. Kila desibeli kumi zikishuka, inabaki sehemu moja tu ya kumi ya nguvu; kwa hiyo ikitoka -95 ikafika -105, mikono yako imekula sehemu tisa kati ya kumi za nguvu iliyokuwa inaingia.