Nyota tatu kwa mtu wa malori

Hapa Lubumbashi askari akipanda cheo mtaa mzima unapata habari, na swali la kwanza huwa: alipigana wapi? Sijasikia mtu akiuliza alilisha wangapi. Kwangu mimi, hilo la pili ndilo swali kubwa.

Tazameni maisha ya Gus Pagonis, jenerali wa jeshi la Marekani mwenye asili ya Ugiriki. Agosti 1990, siku chache baada ya Iraki kuivamia Kuwait, alitumwa Saudi Arabia kushughulikia maji, chakula, mafuta na usafiri wa jeshi ambalo baadaye lilipita askari nusu milioni. Februari 1991, vita bado ni moto, akapewa nyota ya tatu ya ujenerali. Kwa kazi ya malori!

Na aliistahili. Ilibidi vikosi viwili vikubwa mno vihamishwe mamia ya kilomita kuelekea magharibi mwa jangwa, Iraki isijue, kabla ya shambulio la nchi kavu la tarehe 24 Februari. Mzigo mwingi ulipita barabara moja nyembamba iliyofuata bomba la mafuta, Tapline. Aliyewahi kukwama nyuma ya malori ya shaba kwenye njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, anaelewa maana yake. Pagonis alitanguliza maghala jangwani, askari wakayakuta mbele yao. Vita ya nchi kavu ikaisha kwa saa 100, lakini matayarisho yalikula zaidi ya miezi sita.

Kinachonivutia zaidi ni vikadi vyake. Mwenye shida aliiandika kwenye kadi ya inchi 3 kwa 5, ikapanda hadi kwa mkubwa, na jibu likarudi ndani ya siku moja. Kadi ni ndogo, huwezi kujaza maneno ya kujisifu. Unaandika tu kwamba pampu imekufa na unahitaji nini. Jangwani humo humo alipeleka majiko yaliyo juu ya magari yaliyowapa askari hambaga za moto. Alijua kwamba askari aliyekula vizuri anamwamini aliyemtuma.

Kwetu je? Kwa miaka mingi pesa za mshahara zilipita mikononi mwa makamanda, na majina hewa yakajaa kwenye orodha. Tangu 2005 Umoja wa Ulaya, kupitia EUSEC, ujumbe wake wa kusaidia mageuzi ya jeshi la Kongo, ulisaidia kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri. Askari wakahesabiwa, kisha malipo yakaanza kupitia benki. Naliheshimu sana badiliko hilo. Lakini bukari (ugali), mazutu (dizeli), viatu na dawa havipiti benki. Vinahitaji ofisa mwaminifu aliyeisomea kazi hiyo na kuachwa aifanye miaka mingi, si mtu wa kupachikwa leo na kung'olewa kesho.

Nchi yenyewe inamdai mtu huyo. Njia ya zamani ya mzigo kutoka kwetu kwenda Kivu ni reli hadi Kalemie, meli ya Tanganyika hadi Uvira, kisha milima. Kila unapobadilisha chombo, kitu kinaweza kupotea.

Nataka vijana bora wa chuo cha maofisa cha Kananga waigombanie kazi hii, na cheo cha jenerali kiwe wazi kwao. Pagonis alipostaafu mwaka 1993, kampuni ya maduka ya Sears ilimchukua aongoze usafirishaji wake. Ofisa wetu wa aina hiyo akistaafu, shirika la reli la taifa, SNCC, na wenye malori wa hapa Katanga wamgombanie vilevile.