Acha Sura za Watu Kwanza, Chora Kikombe

Anayeanza kuchora hukimbilia sura ya mtu. Namwelewa, maana sura ndiyo inayosifiwa. Ila sura haisamehe: jicho likipanda kidogo tu, kila anayetazama anaona kuna kasoro, na mchoraji mwenyewe hajui aanze kurekebisha wapi. Ndiyo maana nang'ang'ania kikombe.

Kiweke mezani, ukae mbele yake. Unajua mdomo wake ni duara, lakini kutoka ulipokaa huoni duara. Unaona duaradufu, duara lililobonyea. Anayeanza huupanua mdomo kupita kiasi kwa sababu anachora anachokijua, kisha kitako anakipigia mstari ulionyooka, kwa kuwa meza ni bapa. Hebu tazama tena. Kitako nacho kimepinda, tena kimepinda kuliko mdomo, kwa sababu kiko chini zaidi ya usawa wa macho yako. Sasa kiinue taratibu mpaka mdomo ufike usawa wa macho: duaradufu inajibana hadi kuwa mstari mtupu. Msanifu majengo Leon Battista Alberti aliandika kuhusu kanuni za mtazamo, yaani jinsi umbo la kitu linavyobadilika kulingana na unapokitazamia, huko Italia mwaka 1435, na kitabu kinasaidia, lakini mkono unaoinua na kushusha kikombe hufundisha haraka zaidi.

Vivuli ndivyo vinavyowatia watu woga. Kikombe ni cheupe, basi mtu hathubutu kukitia weusi, na mchoro unabaki umepauka, kila mahali rangi moja ya kijivu. Finya macho mpaka mambo madogomadogo yapotee, yabaki mabaka ya mwanga na giza. Utaona upande ulioupa mwanga kisogo umekolea, na pale kitako kinapogusa meza pana weusi mzito kuliko kwingine kote. Weka weusi huo kwanza, vingine vyote uvipime kwa huo. Na tafadhali, usisugue kivuli kwa kidole. Kinakuwa laini, ndiyo, lakini umbo linayeyuka na karatasi inachafuka.

Kuhusu vifaa sina mengi. Penseli ya HB, ya ugumu wa kati, ya kuanzia, 2B na 4B, zilizo laini na nyeusi zaidi, za vivuli, basi. Penseli za H zina udongo mwingi zaidi, ni ngumu na hazikolei, kwa hiyo anayeanza anaweza kuishi bila hizo.

Wapo watakaosema vikombe vinachosha, mtu achore anachokipenda asije akaacha. Wana hoja, na sizuii mtu kuchora sura pembeni kwa kujifurahisha. Ila ukifika kwa mtu utakuta shingo ni silinda ileile, na kola ya shati inaizunguka kwa mkunjo uleule wa mdomo wa kikombe. Kichwani utapima kwa penseli, mkono umenyooka, jicho moja umefumba, na utagundua macho yako karibu katikati kabisa ya kichwa, si juu kama wengi wanavyoyaweka.

Ninachokipinga waziwazi ni kuanza kwa kunakili picha za simuni. Picha imekwisha kukufanyia kazi ngumu ya kukilaza kitu kwenye bapa, na kazi hiyo ndiyo hasa uliyokuja kujifunza.