Serikali iache bei, ishike majanga

Wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi, mji wetu wa migodi nchini Kongo, wanaofuata bidhaa Dubai na Guangzhou hurudi na hoja ile ile: miji ya kule imetajirika kwa sababu serikali imekaa kando, na sisi nasi tungeinuka kama dola ingeliacha soko lijiendeshe, huku maskini wakiachiwa makanisa, ndugu na wafadhili. Mfano wanaoupenda kuliko yote ni Hong Kong. Ni mfano mzuri, na kwa sababu ni mzuri naomba tuusome mzima.

Ni kweli kwamba Hong Kong ina kodi ndogo na bandari ambayo bidhaa nyingi huingia bila ushuru wa forodha. Lakini usiku wa Krismasi ya 1953 moto uliteketeza vibanda vya mtaa wa Shek Kip Mei na kuwaacha watu zaidi ya 50,000 bila makazi, na serikali ya kikoloni ya Uingereza, ambayo haikuwa na mapenzi makubwa na ujamaa, ikaanza kujenga majumba ya kupangisha. Leo zaidi ya watu wanne katika kila kumi wa mji ule wanaishi katika nyumba za umma au zilizopewa ruzuku. Tangu 1978 watoto wamesoma bure kwa miaka tisa, na hospitali za umma huwatoza wakazi sehemu ndogo tu ya gharama halisi. Hata waagizaji wa mchele hulazimika kisheria kuweka akiba ghalani, ili chakula cha kila siku kisikatike ghafla. Na fedha zilitoka wapi, kama kodi ni ndogo? Sehemu kubwa ilitoka katika ardhi, ambayo karibu yote ni mali ya serikali na hukodishwa kwa wajenzi kwa bei kubwa. Wao wana ardhi. Sisi tuna shaba na kobalti, na sheria yetu inasema kwamba utajiri ulio chini ya udongo ni mali ya dola.

Lubumbashi tunayo historia yetu wenyewe ya ulinzi wa jamii, na nadhani ndiyo inayotuchanganya. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba iliyoundwa 1906, ilipochoka kupoteza wafanyakazi kwa maradhi na utoro, ilianza katika miaka ya 1920 kuwatuliza kambini pamoja na wake na watoto wao, kwa nyumba, zahanati, shule na posho. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ikaurithi utaratibu huo baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967. Wazee waliokulia kambini bado husimulia siku ya posho: baba anarudi na mfuko wa unga begani, nyuma yake watoto na samaki na mafuta, na mtoto akiugua anapelekwa hospitali ya kampuni bila mtu kuulizwa pesa. Simulizi hizo ni za kweli, ila hatusemi vya kutosha kwamba haki zile zilikuwa za kazi ya baba. Mama muuza mboga wa komini (kata ya mji) ya Katuba, ambaye mume wake hakuwa na namba ya kampuni, hakuwa na sehemu yake. Kisha mgodi wa Gécamines wa Kamoto uliporomoka 1990, uporaji wa 1991 ukafuata, na uzalishaji wa shaba, uliokuwa umepita tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ukaanguka chini ya tani 50,000. Mishahara ilikatika miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walikubali kuondoka kwa malipo ya mkupuo, katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, na familia zao zikatoka pia katika hospitali na shule.

Tangu hapo tunabebana wenyewe. Binamu yangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya hapa mjini. Mama mzima, mtoto mzima, lakini hawakuruhusiwa kutoka mpaka bili imalizike. Shangazi yangu alikaa kwenye benchi la nje na daftari la shule mapajani, akiandika jina na kiasi cha kila aliyetoa: majirani, kwaya, na wenzake wauza makala, yaani mkaa, wa likelemba (mchango wa pesa unaopokewa kwa zamu), ambao walimpa zamu iliyokuwa ya mwingine. Kila siku waliyongoja iliongezwa kwenye bili. Nawashukuru wote walioandikwa katika daftari lile. Hata hivyo, mchango humfikia mwenye watu, na aliyeshuka treni juzi, au mjane aliyekosana na wakwe, hana daftari. Tena mchango ule ulitoka kwenye mtaji. Aliyeachia zamu yake hakuweza kununua magunia wiki ile, wala shangazi, ambaye aliendelea kulipa likelemba kwa pesa zilizokwisha kuliwa na hospitali. Anayelipenda soko angepaswa kulia kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ugonjwa mmoja hufunga meza tatu sokoni.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka serikali ipange kila bei. Unga wa mahindi, ambao bila huo hakuna bukari, yaani ugali, hutujia kwa wingi kutoka Zambia, na ukame kama ule wa 2024 ukiipiga nchi hiyo, sisi ndio tunaosikia njaa. Mara kadhaa bei rasmi imetangazwa, na mara kadhaa mifuko imetoweka madukani na kuuzwa kwa siri. Akiba ya unga iliyojazwa wakati wa mavuno ingetusaidia kuliko tangazo. Bei na ziachwe kwa wauzaji. Serikali ishike uzazi, ajali, moto na njaa ya ghafla, mambo ambayo hakuna mama sokoni anayeweza kuyapangia bajeti.

Najibiwa kwamba pesa zitaliwa. Hofu hiyo ina sababu, lakini haikutuzuia 2019, elimu ya msingi ilipofanywa bure kama Katiba ya 2006 ilivyoagiza. Madarasa yalifurika, walimu walilalamika, na bado watoto waliokuwa wakifukuzwa kwa ajili ya ada waliingia. Sheria ya migodi iliyorekebishwa 2018 inaipa komini au sekta (eneo la utawala la vijijini) yenye mgodi asilimia 15 ya mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, na jimbo asilimia 25, na inadai kampuni zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakazi wa jirani. Hizo si sadaka za kampuni wala zawadi za mgombea anayegawa unga pamoja na fulana yenye picha yake. Ni mali yetu, na tunaweza kuuliza hesabu yake.

Ningeanza na uzazi, kwa sababu idadi ya watoto waliozaliwa ni ngumu kuificha. Jimbo lilipe hospitali moja kwa moja kwa kila mama aliyejifungua, kwa bei iliyokubaliwa mapema, na kila mwezi karatasi ibandikwe mlangoni pa komini na pa hospitali yenyewe: wamezaliwa wangapi, zimelipwa faranga ngapi. Wauza makala wa komini za Kenya na Katuba wanajua kusoma hesabu za likelemba, na hiyo wataisoma pia.